Barua ya wazi kwa wapangaji wa muziki: toazi linaishia wapi?

Kwa watunzi na wapangaji wa muziki wa bendi na kwaya, wachapishaji wa vitabu vya nota, na walimu wanaofundisha upangaji wa muziki Afrika Mashariki.



Chukueni mpangilio wowote wa wimbo ulioandikiwa bendi ya matarumbeta au kwaya yenye vyombo, kisha uwekeni ukurasa wa tarumbeta ya kwanza kando ya ukurasa wa dramsi. Tarumbeta imepewa kila kitu: sauti ya kupiga, urefu wake, nguvu yake, mahali pa kuvuta pumzi, nota ipi ikatwe na ipi iunganishwe na mwenzake. Dramsi mara nyingi zimepewa safu ya alama za x juu ya mistari, nota chache chini, na neno moja pembeni, "rumba" au "chakacha", halafu mishazari hadi wimbo unapokwisha. Anayeusoma ukurasa huo hajui kama zile x ni haihati au ni toazi kubwa la upande wa kulia. Hajui kama haihati iwe imefungwa au imeachwa wazi, wala kama pigo la mwisho liachwe livume au likamatwe kwa mkono matarumbeta yanaponyamaza. Barua hii ina ombi moja. Kila nota ya dramsi mnayoiandika iseme chombo gani kinapigwa, kinapigwaje, na sauti yake inaishia wapi. Na pale mnapotaka mpigaji aamue mwenyewe, hilo nalo liandikwe.

Chanzo cha tatizo kinaeleweka. Seti ya dramsi ni chombo kichanga. Katika bendi za kijeshi na za maandamano, dramu kubwa, snea na matoazi vilikuwa na watu wake, kila mtu na ukurasa wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 kazi hizo zilianza kukusanywa kwa mtu mmoja aliyeketi. Pedali ya dramu kubwa iliyotengenezwa na William Ludwig huko Chicago mwaka 1909 iliukabidhi mguu kazi iliyokuwa ya mkono, na katikati ya miaka ya 1920 ikaja haihati, yaani matoazi mawili yanayokutanishwa kwa kanyagio la mguu wa kushoto. Mikono miwili na miguu miwili ikawa na kazi nne kwa wakati mmoja, lakini karatasi ilibaki ileile. Mistari mitano iliyobuniwa kuonyesha sauti za juu na za chini ikaazimwa kuonyesha vyombo. Ufunguo wa midundo, ile mistari miwili minene iliyosimama mwanzoni, humwambia msomaji jambo moja tu, kwamba hapa asisome do wala re. Haumwambii nafasi ya pili ni ya chombo gani. Hilo ni juu ya mwandishi kulisema, na asipolisema, nota zote zinazofuata ni vidoti vyenye mdundo lakini visivyo na mwenyewe.

Kwetu kuna sababu ya ziada. Kwaya nyingi za makanisa zimekua kwa kusoma sol-fa, mfumo ulioenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa huku na wamisionari. Mfumo huo unabeba sauti nne za waimbaji vizuri mno, na unapima mdundo kwa usahihi, ila hauna mahali palipozoeleka pa kusema kuwa pigo hili ni la snea na lile ni la toazi. Dramsi zilipoingia kwenye kwaya ziliwakuta watunzi hodari wa kuandika soprano, alto, tena na besi, lakini wasio na desturi ya kuandika mapigo. Pengo hilo lina historia yake, na si lazima tumtafute wa kumlaumu. Lawama itaanza kutustahili kama tutaendelea kuliacha wazi wakati njia ya kuliziba imekwisha kupatikana.

Njia hiyo ipo. Mwaka 1998 chama cha Percussive Arts Society cha Marekani kilichapisha mwongozo wa Norman Weinberg wa kuandika nota za seti ya dramsi. Weinberg hakubuni lugha mpya. Alitazama yale ambayo waandishi na wachapishaji wengi walikuwa wakiyafanya tayari, akapendekeza yale yanayosomeka kwa urahisi zaidi. Dramu kubwa hukaa nafasi ya kwanza kutoka chini, tomu la sakafuni nafasi ya pili, snea nafasi ya tatu, na matomu madogo juu yake. Raidi, toazi la kushikia mwendo, hukaa kwenye mstari wa juu kabisa. Haihati inayopigwa kwa kijiti hukaa juu tu ya mstari huo. Krashi, toazi la kishindo, hupanda hadi kwenye kistari cha ziada. Haihati inayofungwa kwa mguu hushuka chini ya mistari yote. Dramu huandikwa kwa vichwa vya nota vya kawaida, matoazi kwa vichwa vya x. Mpangilio huu unafuata mwili wenyewe wa mpigaji: miguu iko chini ya ukurasa, mikono iko juu, na vyenye sauti nzito viko chini ya vyenye sauti nyepesi. Ndiyo maana mtu akiuzoea kwa wiki chache husoma bila kuhesabu mistari.

Inashangaza kwamba watengenezaji wa kinanda na kompyuta walikubaliana kuhusu jambo hili kabla ya sisi tunaoandika kwa kalamu. Katika kanuni za General MIDI za mwaka 1991, dramsi zilipewa chaneli ya 10, na kila sauti ikapewa namba yake: dramu kubwa 36, snea 38, krashi 49, raidi 51. Haihati peke yake ilipewa namba tatu: 42 ikiwa imefungwa, 44 ikifungwa kwa mguu, 46 ikiwa wazi. Mashine isiyo na masikio ililazimika kuambiwa kwamba jozi ile moja ya matoazi ina sauti tatu zisizoweza kubadilishana. Kama kompyuta haiwezi kukisia, kwa nini binadamu atakiwe kukisia? Alama zenyewe ni ndogo sana: msalaba mdogo juu ya nota kwa haihati iliyofungwa, duara dogo kwa iliyo wazi, na nota chini ya mistari pale mguu unapoifunga. Duara moja lisipoandikwa kwenye thumuni ya mwisho ya kipimo, ule mvumo unaoutupa wimbo kuelekea kipimo kinachofuata hupotea, na mdundo uliokuwa unapumua hugeuka kuwa mgongano wa vijiti na chuma.

Matoazi ndiyo yanayohitaji uangalifu zaidi, na sababu yake ni ya kifizikia. Nota ya filimbi huisha mpulizaji anapoacha kupuliza. Pigo la snea hukatika karibu mara moja, hivyo iandikwe robo au thumuni, sikio halioni tofauti kubwa. Toazi haliko hivyo. Krashi ya inchi 18 ikipigwa kwa nguvu huendelea kuvuma kwa sekunde kadhaa, ilhali robo moja kwenye mwendo wa mapigo 120 kwa dakika ni nusu sekunde tu. Robo iliyoandikwa kwa toazi, basi, inaeleza mwanzo wa sauti na kunyamaza kuhusu mwisho wake. Msomaji akikuta robo ikifuatwa na pumziko ana haki ya kujiuliza kama pumziko hilo ni la mkono wake au ni la chuma. Lililo la mkono linamtaka asipige tena. Lililo la chuma linamtaka anyooshe vidole alikamate toazi. Matokeo yake ukumbini ni mambo mawili yasiyofanana hata kidogo, hasa pale kwaya inapoingia kwa sauti ya chini mara baada ya kishindo.

Waandishi wa muziki wa okestra walikwisha kukutana na swali hili zamani. Kwa kuvuma huandika tao linalotoka kwenye nota bila kufika kwenye nota nyingine, pamoja na herufi l.v., kifupi cha maneno ya Kifaransa ya kuagiza sauti iachwe ivume. Kwa kukata huandika alama ya kuzima mahali hasa mkono unapotakiwa kugusa chuma. Kuna na hila ya uchapaji ambayo wengi huisahau: kichwa cha x hakina tundu la kuachwa wazi, kwa hiyo nusu na robo za toazi hufanana zikiandikwa kwa x. Wachapaji makini hutumia kichwa cha umbo la almasi chenye uwazi kwa nusu na kwa nota nzima, na hivyo mpigaji huona kwa jicho moja kwamba sauti hii inatakiwa kukaa. Alama hizi zote zimo katika programu za kawaida za kuandika nota, ikiwemo MuseScore ambayo hailipiwi. Kinachokosekana ni uamuzi wa mwandishi.

Gharama ya kutoamua inaonekana katika historia. Katika opera za Italia za karne ya 19, mstari ulioandikwa "cassa" mara nyingi ulichukuliwa kuwa ni dramu kubwa pamoja na matoazi, isipokuwa pale mtunzi alipoongeza neno la kuitaka dramu peke yake. Wapigaji wa siku zile waliijua desturi hiyo. Desturi ilipofifia, wahariri na viongozi wa okestra wakabaki kujadiliana, opera kwa opera, kama toazi lipigwe au lisipigwe. Hector Berlioz alikwenda njia nyingine. Katika sehemu ya tano ya Symphonie fantastique ya mwaka 1830 alitaja hata aina ya kijiti cha kupigia toazi, chenye kichwa cha sponji, na katika kitabu chake cha kufundisha matumizi ya ala aliikemea tabia ya kufunga toazi juu ya dramu kubwa ili mtu mmoja apige vyote viwili. Miongo kadhaa baadaye Gustav Mahler aliitaka sauti ileile ya bei rahisi aliyoikataa Berlioz: katika sehemu ya tatu ya Simfonia yake ya kwanza, iliyopigwa mara ya kwanza Budapest mwaka 1889, aliagiza toazi lifungwe kwenye dramu kubwa, ili muziki usikike kama bendi ya mtaani. Watu hawa wawili hawakukubaliana kuhusu uzuri wa sauti hiyo, lakini wote wawili waliliandika walilolitaka, na hadi leo hakuna anayelazimika kukisia.

Mfano wa karibu nasi ni kavacha. Mdundo huu ulienezwa na Zaiko Langa Langa ya Kinshasa miaka ya 1970, na mpiga dramsi wao Meridjo Belobi ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wake. Kutoka huko ulienea kwenye bendi za dansi za Afrika Mashariki. Ukiuandika kama mdundo mtupu, kwa nota zisizo na chombo, kila msomaji ataupiga kwa usahihi na bado hamtasikia kavacha. Mapigo yale yale yakipigwa kwenye ngozi ya snea huusukuma wimbo mbele. Yakipigwa kwenye ukingo wa snea hupungua uzito na kuacha nafasi kwa mwimbaji. Yakipelekwa kwenye haihati iliyofungwa huwa mwendo mkavu unaofaa chini ya gitaa la solo. Mpangaji anayejua wimbo wake unahama kutoka ubeti kwenda sebene anajua pia kwamba mdundo huo unahama chombo. Ni vipimo viwili tu vya kuandika kwa ukamilifu, kila mara chombo kinapobadilika, kisha alama ya kurudia na idadi ya vipimo. Kuandika "kavacha" peke yake kunamtosha aliyelelewa na muziki huo. Kijana wa bendi ya shule aliyejifunza kwa kitabu kutoka Uingereza hatapata chochote katika neno hilo.

Najua mtakayoyajibu. La kwanza ni kwamba wapiga dramsi wetu wengi hawasomi nota. Wanasikiliza, wanashika, wanapiga, na wanapiga vizuri. Ni kweli, na masikio yao ni hazina ambayo barua hii haitaki kuigusa. Ila ukurasa wa dramsi hausomwi na mpigaji peke yake. Unasomwa na kiongozi anayetaka kujua kishindo kiko kwenye kipimo cha ngapi, na mwalimu anayemwandaa mwanafunzi kwa mitihani ya vyombo kama ya Trinity au Rockschool, ambako dramsi zina madaraja yake. Utasomwa pia na kwaya ya mji mwingine itakayouchukua wimbo huo miaka 20 ijayo, wakati mpigaji wa kwanza hayupo tena kuwaonyesha. Tena hoja hii inajizunguka. Tunasema hawasomi, kwa hiyo hatuandiki. Wakifungua ukurasa hawakuti cha kusoma, kwa hiyo hawaoni haja ya kujifunza. Mduara huo huvunjwa na anayeandika, kwa kuwa anayesoma hawezi kusoma kisichokuwepo.

La pili ni zito zaidi: kwamba nota nyingi humfunga mpigaji na kuua uhai wa muziki. Hapa nakubaliana na nusu ya hoja. Vipimo 32 vya mdundo uleule vilivyoandikwa nota kwa nota ni ukurasa mbaya, kwa sababu jicho linazama ndani yake na lile badiliko moja muhimu la kipimo cha 29 linapita bila kuonekana. Kuandika wazi si sawa na kuandika mengi. Tazameni kurasa za dramsi za bendi kubwa za jazi za Marekani, muziki unaojulikana kwa uhuru wa mpigaji. Mpangaji huonyesha mwendo kwa vipimo viwili, akaweka mishazari, akataja idadi ya vipimo, kisha juu ya mistari akaandika kwa nota ndogo mapigo ya matarumbeta ambayo mpigaji anatakiwa kuyajua. Mpigaji ana uhuru wote wa jinsi ya kuyaandaa na kuyapamba mapigo hayo, maana ameambiwa yako wapi. Aliyenyimwa taarifa hiyo hana uhuru wowote. Ana hofu, na hofu humfanya apige kidogo na kwa tahadhari, au apige krashi kila mahali akitumaini kwamba mojawapo itaangukia panapotakiwa.

La tatu ni kwamba programu za kompyuta hufanya kazi hii zenyewe. Hazifanyi. Hutoa nafasi za kuanzia, na nafasi hizo hutofautiana kati ya programu na programu, na hata kati ya mpangilio na mpangilio ndani ya programu moja. Hatari kubwa zaidi ni masikio ya mwandishi mwenyewe: akibonyeza kitufe cha kusikiliza, kompyuta humpigia haihati iliyo wazi kwa sababu ndani yake kuna namba 46, hata kama kwenye karatasi hakuna duara. Anaridhika na alichokisikia, anachapa kisichosema alichokisikia. Zaidi ya hapo, programu zenyewe hupita. Mwaka 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kusitisha uendelezaji wa Finale, programu iliyotumiwa na waandishi wa nota tangu mwaka 1988, na watu wengi wakalazimika kuhamisha kazi zao kwenda kwingine. Nafasi za dramsi ni miongoni mwa mambo yanayovurugika kwa urahisi katika uhamisho wa namna hiyo. Mwenye ukurasa wenye maelezo kamili atayarekebisha kwa saa moja, na asiye nayo itabidi aanze kukumbuka alimaanisha nini.

La nne, mwongozo wa Weinberg si sheria, na wachapishaji wakubwa bado hutofautiana. Hivyo ndivyo ilivyo. Wengine huweka snea na dramu kubwa pamoja na mikia ikitazama chini, matoazi yakitazama juu; wengine hupeleka mikono yote juu na miguu yote chini. Kila njia ina watetezi wenye sababu, na mimi naona ya pili inasomeka vizuri zaidi kwa anayejifunza, kwa kuwa inamwonyesha kiungo kipi kinafanya kazi. Lakini tofauti hizo hazimzuii mtu kuwa wazi. Mistari mitatu ya maelezo mwanzoni mwa ukurasa, inayoonyesha kila nafasi ni ya chombo gani na kila alama ina maana gani, humaliza ubishi wote kabla haujaanza. Ukosefu wa kanuni moja ndio sababu kubwa ya kuandika maelezo hayo, na ajabu ni kwamba ndio hutolewa kama kisingizio cha kutoyaandika.

Kwa hiyo, kwenu watunzi na wapangaji, ombi langu ni kwamba kila ukurasa wa dramsi uanze na ufafanuzi wa nafasi zake, kwa kufuata mwongozo uliopo isipokuwa mkiwa na sababu ya kuuacha. Kila krashi iwe na mwisho, ama tao la kuvuma, ama alama ya kuzima. Haihati isikae ukurasa mzima bila kusemwa imefungwa au iko wazi. Kijiti kikibadilika kuwa brashi au kichwa laini, mahali pa kubadilisha paandikwe vipimo kadhaa mapema ili mkono upate nafasi ya kufika. Mishazari ya uhuru iambatane na idadi ya vipimo na mapigo ya wengine yanayopaswa kujulikana. Kwenu wachapishaji, msiupokee mswada wa kwaya au bendi ambao ukurasa wake wa dramsi haujakidhi hayo, kama ambavyo hamngeupokea ambao soprano yake haina ufunguo. Na kwenu walimu, kuanzia TaSUBa Bagamoyo hadi idara za muziki za vyuo vikuu vyetu, wekeni uandishi wa dramsi katika zoezi la kupanga muziki, na muupe alama sawa na sauti nyingine.

Kipimo cha mafanikio ni rahisi na hakihitaji kamati. Kabla ya kuchapa, mpeni ukurasa huo mpiga dramsi anayesoma nota lakini asiyeujua wimbo, bila kumwimbia wala kumchezea chochote, kisha andikeni kila swali atakalowauliza. Kila swali ni alama iliyokosekana. Yajazeni majibu kwenye karatasi, mmpe mwingine, na mchape siku mtakapompata anayeketi, anayesoma, na kuanza kupiga.

Wenu katika muziki,

Msomaji wa nota zenu